Kurekebisha Sauti Mbovu ya AUX Kwenye Redio ya Gari

Magari mengi yanayotembea Mombasa yalishushwa bandarini Kilindini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na redio nyingi za huko hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali stesheni zetu hupanda hadi 108. Ndiyo maana tundu la AUX, lile la kuunganisha simu na redio kwa waya, limekuwa tegemeo la madereva wengi. Sauti ikiharibika hapo, usikimbilie kununua redio wala spika mpya, kwa kuwa aina ya ubovu unaousikia ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Kwanza badilisha waya, kwani ndio wenye bei nafuu na ndio unaokufa mapema. Upande mmoja wa spika ukinyamaza, pinda waya taratibu karibu na plagi huku muziki ukicheza. Sauti ikirudi na kukatika, uzi umekatika ndani, na waya wa namna hiyo ni wa kutupa.

Sauti ikiwa hafifu na yenye mchakacho, huenda simu imewekwa chini mno na redio ikalazimika kukuza hata uchafu. Pandisha sauti ya simu hadi karibu asilimia 80 au 90, kisha rekebisha iliyobaki kwenye redio. Ukisikia mikwaruzo sauti inapokuwa juu, punguza simu kidogo.

Kuna ubovu mmoja unaowashangaza wengi: taarabu inacheza, vinanda vinasikika kwa mbali, lakini mwimbaji ametoweka. Hapo waya wa ardhi, ambao pande za kulia na kushoto huutumia kwa pamoja, haugusi vizuri. Kinachofika kwenye spika ni tofauti tu kati ya pande hizo mbili, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji hurekodiwa sawasawa katika pande zote, inajifuta yenyewe. Aghalabu plagi haijaingia yote, hasa kava la simu likiwa nene, basi livue ujaribu tena. Ikiwa haikusaidia, safisha. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na gari linalolala Likoni au Nyali madirisha yakiwa wazi hupata kutu katika sehemu ndogo ambazo jicho halizioni. Zima redio, lowesha kijiti chembamba cha pamba kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki, kizungushe ndani ya tundu bila kukandamiza, ufute na plagi, kisha uache pakauke kabisa. Usitumie sindano wala waya mtupu.

Mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta ni jambo jingine, na kusafisha hakutauondoa. Chomoa chaja ya simu huku injini ikinguruma. Mluzi ukikoma, chanzo ni mzunguko wa ardhi: simu imeunganishwa na gari kupitia chaja na tena kupitia AUX, na kelele ya altaneta, kifaa kinachochaji betri ya gari, inapita katikati yake. Unaweza kuchaji kwa pawabenki, kubadilisha chaja, au kuweka kati ya waya na tundu kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi, chenye transfoma mbili ndani. Mimi ningeanza na pawabenki, kwa sababu vifaa vya kutenganisha ardhi vya bei ya chini kabisa hupunguza besi.

Mluzi usipokoma hata chaja ikiwa imechomolewa, mwombe fundi wa umeme wa magari aitoe redio na kukagua waya wake wa ardhi pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Akwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae, aukaze sawasawa, na uijaribu kazi yake injini ikiwa imewashwa kabla hajarudisha dashibodi.