Kuizunguka Meli Usiku Ukiwa Peke Yako: Somo kwa Watu Wakimya

Somo hili ni la wale ambao wakikuta sitaha imejaa watu, kila mmoja na redio yake, wanachoka kabla meli haijang'oa nanga Kigoma. Kukaa kimya si ugonjwa wala si majivuno. Kwenye meli ya masafa marefu kuna saa zinazotufaa sana watu wa aina hii, nazo ni zile ambazo abiria wengine wamelala.

Nitazungumzia zaidi Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana ndiyo iliyonifundisha haya. Imekuwa kwenye matengenezo makubwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo habari za safari ziulize gatini kwanza. Ila hatua zenyewe zinafaa kwenye meli yoyote inayolaza watu njiani. Njia yake ya kawaida ni Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na safari hiyo hula kama siku mbili, hivyo nafasi ya usiku haikosekani.

Hatua ya kwanza: ijue meli mchana. Panda mapema, weka mzigo, kisha izunguke yote toka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Tazama majaketi okozi yamewekwa wapi, maboti ya kuokolea yako upande gani, ngazi ipi ina kamba ya kushika na ipi haina. Milango ya chuma ya meli ina vizingiti virefu vya kuzuia maji, na gizani vinaumiza muundi vibaya sana. Vaa raba zilizofungwa, kandambili ziache kabini.

Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo kuijua si kazi ya siku nzima. Ukipita ubavuni, gusa vichwa vya ribiti, ile misumari minene inayounganisha mabamba ya chuma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, kisha ikashushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini wahandisi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mambo haya yajue mapema. Usiku utakapokuwa umeegemea chuma hicho, utakuwa unajua umeegemea nini.

Hatua ya pili: mtu mmoja ajue uko wapi. Hatua hii usiiruke hata kama ndiyo ngumu kuliko zote. Tunaopenda upweke hujificha hata kwa watu wanaotakiwa kutulinda, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 si mahali pa kupotea bila mtu kujua. Mtafute baharia wa zamu ya usiku, ikiwezekana mtu mzima, umwambie: “Shikamoo mzee. Mimi niko kabini fulani, silali mapema, nitakuwa napunga upepo sitaha ya juu. Kuna mahali hamturuhusu?” Basi, yametosha. Atakuonyesha pa kupita na pa kuacha, na kila akipita atakutupia jicho bila kukusemesha. Kwa maneno hayo machache umenunua usiku mzima wa utulivu.

Hatua ya tatu: lala kwanza. Kula wali wako na samaki aina ya mgebuka, kisha ingia kabini saa mbili wakati kelele zimepamba moto. Tega saa ikuamshe saa sita. Kati ya saa sita na saa kumi usiku meli huwa imetulia, zimebaki injini na maji tu.

Hatua ya nne: anzia tezi. Nyuma kuna mngurumo na mtetemo, na hapo mwili unazoea mwendo wa meli. Karibu na bomba la moshi pana joto, jambo la kushukuru kama umesahau sweta. Ila abiria wa daraja la tatu wanaweza kuwa wamelala sitahani, mama na watoto juu ya kanga moja. Usimruke mtu aliyelala. Zunguka, hata ikibidi kurudi ulikotoka. Na tochi ya simu ielekeze miguuni pako, kamwe isipige nyuso za watu.

Hatua ya tano: nenda omo, uzime taa. Mbele ya chumba cha usukani huachwa giza makusudi, maana aliyeko zamu anatazama ziwa kwa macho yake. Ukiwasha tochi pale unamharibia. Kama umeruhusiwa kufika, weka simu mfukoni usubiri. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na watu wengi hukata tamaa kwenye dakika ya tano.

Ukisafiri kuelekea kusini, milima ya Kongo iko kulia kwako na pwani ya Tanzania iko kushoto. Mwezi utachomoza upande wetu na kuzama upande wao. Kuanzia Aprili hadi Juni, usiku wa mapema, Msalaba wa Kusini unasimama mbele ya omo. Chini yake, kama si siku za mbalamwezi, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na ziwa likabaki bila taa zao. Kwa hiyo amua mapema unataka kuona nini, taa za wavuvi au mbalamwezi, ndipo ukate tiketi.

Ukiona meli nyingine, soma taa zake. Nyekundu iko ubavu wake wa kushoto, kijani wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, ujue inakuja uso kwa uso nanyi.

Hatua ya sita: shuhudia kituo cha usiku. Sehemu nyingi kati ya Kigoma na Kasanga hazina gati. Meli inasimama majini, honi inalia, taa kubwa inawashwa, na kutoka gizani yanakuja maboti na mitumbwi ikishindana kufika ubavuni. Simama sitaha ya juu, juu kidogo ya mlango wa mizigo, uegemee nguzo. Utaona gunia la dagaa likivutwa na mikono minne, godoro likipitishwa kichwani, mtoto akipokewa kwa kwapa na mtu asiyemjua, mama yake akiruka nyuma yake boti likiwa linapanda na kushuka. Hakuna anayekutazama wewe. Usishuke mlangoni kwa sababu yoyote ile, pale ni kazi na kamba zinakaza ghafla. Honi ikilia mara ya pili, rudi zako.

Hatua ya saba. Ukienda kulala, mpungie mkono yule baharia, ajue umeingia.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la watu wakimya

*Mwanachama, Kasulu:* Shikamoo dada. Mimi ni msichana na mama anaogopa. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Mama ana haki ya kuogopa. Chukua kitanda kwenye kabini ya wanawake, umwambie na mwenzako wa kabini utarudi saa ngapi. Baki mahali ambapo chumba cha usukani kinapaona. Mtu akikwambia usiku “njoo nikuonyeshe injini”, kataa. Injini inaonekana mchana kwa ruhusa, tena mkiwa wengi. Beba filimbi shingoni.

*Mwanachama, Kibondo:* Kuna mtu lazima atakuja kupiga soga. Namwepukaje bila kumkosea?

Msalimie kikamilifu: habari za safari, za nyumbani, za watoto. Kwetu ukikata salamu ndipo unapofungua maswali, “Una nini? Unaumwa?” Salamu zikiisha, sema “Nimetoka kupunga upepo kidogo, ndugu yangu, tutaonana asubuhi,” ugeukie maji. Wengi wanaelewa. Asiyeelewa, hama sitaha.

*Mwanachama, Tabora:* Mimi hutapika hata kwenye basi. Nitaweza?

Kaa katikati ya meli, sitaha ya chini, maana omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Tazama mbali, taa ya pwani au nyota, usitazame simu. Tafuna tangawizi mapema. Epuka miezi ya kiangazi ambapo upepo wa kusini huchafua ziwa, na siku mawimbi yanapofika sitahani usitoke kabisa.

*Mwanachama, Kigoma mjini:* Mdogo wangu amealikwa safari kwenye meli kubwa ya utalii ya baharini. Haya yanamfaa?

Yanamfaa, ila ukubwa ni mwingine kabisa. Kuna meli zenye urefu unaozidi mita 300 na sitaha zaidi ya 15, hivyo achague ghorofa moja kwa usiku mmoja. Zoezi la kujiokoa hufanywa kabla ya safari au mara tu inapoanza, na ni lazima kwa kila abiria, asilikwepe kwa sababu ya watu wengi. Milango ya wafanyakazi aiache. Upepo ukizidi, sitaha za juu hufungwa. Utulivu atauona kwenye sitaha ya matembezi inayozunguka ubavu wa meli, hasa upande usiopigwa na upepo.

*Mwanachama, Ujiji:* Nipige picha?

Omo usipige picha zenye mwanga. Kwingine piga, simu ikiwa na kamba mkononi. Na wanaopanda kutoka kwenye mitumbwi uwaombe kwanza, wakishafika sitahani.