Mtoto anataka kucheza violin na pesa hakuna? Soma hapa

Kama mtoi wako yuko shule ya serikali huko Nairobi Eastlands na kila siku anapiga ngoma kwa sufuria, usimgombeze, mtafutie darasa la bure. Mimi ningeanza na Ghetto Classics, mradi wa kufunza watoto muziki pale Korogocho, karibu na lile dampo la Dandora, Elizabeth Njoroge aliianzisha 2008 na watoto wa mtaa wanafunzwa violin, saksofoni, tarumbeta, yaani vitu tulikua tunaona kwa TV tu.

Sasa usipige simu tu, enda mwenyewe na mtoto, aone wenzake wakipraktisi, manake hapo ndio utajua kama anapenda kweli ama ni wewe unapenda. Uliza siku za darasa, uliza chombo kinabaki huko ama anaweza beba nyumbani, na kikipotea nani analipa (hii watu husahau). Akiambiwa aanze na kusoma noti za muziki asinune, saksofoni itakuja. Nauli pigia hesabu mapema, darasa ni bure lakini matatu si bure. Na ongea na ticha wake wa shule ndio ratiba zisigongane.