Kuchagua fremuwaki ya upande wa seva: anza na kazi ngumu, kasi ije baadaye

Ukiuliza fremuwaki ipi (msimbo-msingi unaojengea tovuti juu yake) ni nzuri, jibu la kwanza utakalopewa ni la kasi: hii inahudumia maombi (kila mara kivinjari au programu inapoiuliza seva kitu) elfu kadhaa kwa sekunde, ile mara tatu yake. Kwa mifumo mingi inayojengwa huku kwetu hesabu hiyo haiamui lolote. Tushike mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho: shule ya Kenya yenye wanafunzi 800, wazazi walipe ada kwa M-Pesa kupitia tovuti ya shule, kwa API ya Daraja, yaani njia ya Safaricom ya programu yako kuzungumza na M-Pesa.

Piga hesabu ya mzigo

Chukua siku nzito kuliko zote: wazazi 800 wote wanalipa ndani ya saa moja. Gawanya kwa sekunde 3,600, unapata mzazi mmoja kila sekunde nne na nusu. Mzigo wenyewe unatoka kwenye ukurasa wa "Tafadhali subiri". Ukurasa huo ukiuliza seva kila baada ya sekunde 3 kwa dakika nzima, hayo ni maombi 20 kwa mzazi mmoja. Ongeza kufungua fomu, kutuma ombi la malipo na kupokea matokeo, weka 25. Mara 800 ni 20,000, yaani maombi matano hadi sita kwa sekunde. Laravel (ya PHP), Django (ya Python), Express (ya Node, yaani JavaScript kwenye seva), Go (lugha yenyewe, bila fremuwaki): zote zinabeba huo mzigo kwenye seva ndogo ya RAM GB 1 ikipangwa vizuri. Kasi iondoe mezani, ubaki na maswali matatu ya maana.

Itakaa wapi, nani ataitunza, inakuja na nini

Shule ikiwa tayari inalipia hostingi ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva ya pamoja), PHP inaingia bila shida. Python na Node huenda zikaruhusiwa, lakini mchakato unaotakiwa kukaa hai saa 24 mara nyingi hukatwa kwa kuvuka kiwango cha kumbukumbu. Hapo chagua Laravel na usihangaike. Ukiwa na VPS yako (seva pepe unayoitawala mwenyewe), milango yote iko wazi.

Utunzaji ni suala la watu. Tafuta watu wawili walio karibu, wanaoijua lugha hiyo, ambao wanaweza kupigiwa simu usiku mfumo ukigoma wiki ya kufungua shule. Ukimpata mmoja tu, naye ni wewe, badilisha lugha.

Kisha angalia kilichomo ndani. Django, iliyotoka 2005, inakuja na paneli ya usimamizi: mhasibu anaingia, anatafuta jina la mwanafunzi na kuona malipo, bila wewe kuandika ukurasa hata mmoja. Kwa mfumo wa ada hiyo ni kazi ya wiki nzima uliyoiokoa. Laravel, ya 2011, ina foleni (kazi zinazosubiri kufanywa nyuma ya pazia), ratiba na barua pepe ndani yake. Express inakupa njia za maombi na si mengi zaidi. Kuingia kwa watumiaji, kukagua data, kanzidata, vyote utavichagua mwenyewe, na kila ulichochagua ni maktaba nyingine ya kufuatilia. Go inatosheka na maktaba yake ya kawaida na kutoa faili moja la kupakia kwenye seva, raha tupu kwa huduma ndogo, ila skrini za mhasibu utaziandika zote.

Kwa shule hii: Django kama kuna VPS na watu wa Python, Laravel kama ni cPanel. Express na Go ningeziacha kwa huduma ya kupokea na kupitisha ujumbe tu.

Jaribu kwa siku moja, kwenye sehemu yenye miiba

Usijenge ukurasa wa kwanza wala fomu ya kuingia. Hizo kila fremuwaki inazifanya vizuri. Chukua fremuwaki mbili zilizobaki kwenye orodha yako, na katika kila moja jenga mambo matatu tu: kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mzazi, kupokea taarifa ya matokeo, kuihifadhi. Tumia mazingira ya majaribio ya Daraja, kwenye seva ileile utakayotumia, ikiwa na HTTPS. Matatizo yatajitokeza karibu kwa mpangilio huu.

Taarifa ya matokeo inakataliwa. Laravel inajibu 419, Django 403. Fremuwaki inadai tokeni ya CSRF (kinga dhidi ya fomu za kughushi kutoka tovuti nyingine), ambayo hutolewa kwa fomu zako mwenyewe. Seva inayokutumia matokeo si kivinjari, haina tokeni hiyo. Kwenye Django weka `@csrf_exempt` kwenye kazi (function) moja tu, ile inayopokea taarifa hiyo. Kwenye Laravel iweke njia hiyo ndani ya `routes/api.php`, kuanzia toleo la 11 faili hilo halipo mpaka uendeshe `php artisan install:api`. Usizime CSRF kwa mfumo mzima.

Mzazi akighairi, msimbo unaanguka. Malipo yakifaulu, `ResultCode` ni 0 na ndani kuna `CallbackMetadata` yenye namba ya risiti. Akighairi, `ResultCode` ni 1032 na `CallbackMetadata` haipo kabisa. Kwa hiyo soma `ResultCode` kwanza. Na vitu vilivyomo uvitafute kwa jina, `MpesaReceiptNumber`, usitegemee nafasi yake kwenye orodha.

Seva inaganda wakati kichakataji (CPU) kimelala. Hili ndilo linalowachanganya watu wengi. PHP-FPM (programu inayoendesha PHP) kwenye Ubuntu huja na `pm.max_children = 5`, yaani michakato mitano kwa wakati mmoja. Daraja ikichelewa kujibu kwa sekunde 10, michakato yote mitano inasubiri tu, na tovuti nzima inahudumia ombi moja kila sekunde mbili. Weka ukomo wa kusubiri kila unapoita huduma ya nje. Laravel ina sekunde 30 kama hukusema; maktaba ya `requests` ya Python haina ukomo wowote, vivyo hivyo `http.Client` ya Go. Sekunde 10 zinatosha. Kisha ombi lenyewe lipeleke kwenye foleni, ukurasa umjibu mzazi papo hapo. Kwenye cPanel, endesha `queue:work --stop-when-empty` kwa cron (kipanga ratiba cha seva) kila dakika, ukijua mzazi anaweza kusubiri karibu dakika nzima kabla simu haijalia. Kama hilo halivumiliki, umeshapata sababu ya kununua VPS.

Kosa linapotea bila alama. Kwenye Express 4, kosa ndani ya kazi ya `async` halifiki kwa kishughulikia makosa: ombi linaning'inia, au Node inazimika yote. Express 5, iliyotoka 2024, imerekebisha hilo. Mafunzo mengi bado yanafundisha toleo la 4.

Risiti moja inaingia mara mbili. Usikague kwa `if` peke yake, maana maombi mawili yanaweza kupita kwa pamoja. Iachie kanzidata:

`ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT risiti_moja UNIQUE (risiti);`

Mwisho wa jaribio, jitumie mwenyewe taarifa ya uongo kwa `curl` (programu ya kutuma maombi kwa mstari wa amri), yenye `ResultCode` 0. Mfumo ukiandika kwamba ada imelipwa, mtu yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kusomesha mtoto bure. Linganisha `CheckoutRequestID` (namba ya ombi inayotolewa na Daraja) na ile uliyohifadhi ulipotuma ombi, kisha iulize Daraja yenyewe hali ya muamala kabla ya kuandika kitu.

Fremuwaki iliyokufikisha hapa kwa msimbo mfupi unaousoma ukaelewa, chukua hiyo.

Yaliyobaki

Kanzidata iwe PostgreSQL au MySQL. SQLite huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati. Fedha zihifadhi kama namba kamili au `DECIMAL`, kamwe si `FLOAT`. Saa zihifadhi kwa UTC, uonyeshe kwa `Africa/Nairobi`.

Kuhusu matoleo, shule haitakuwa na bajeti ya kubadilisha kila mwaka. Django 5.2 ni ya msaada wa muda mrefu, mpaka Aprili 2028. Kila toleo la Laravel hupata marekebisho ya usalama kwa miaka miwili, kwa hiyo mkataba wa matunzo uandikwe ukilijua hilo. Kwa Node chukua toleo la msaada wa muda mrefu (LTS).

Hifadhi `composer.lock` au `package-lock.json` (orodha ya matoleo kamili ya maktaba zako) pamoja na msimbo, na kwenye seva tumia `composer install --no-dev` au `npm ci`. Amri ya `composer update` ibaki kwenye kompyuta yako. Kama una mtendakazi wa foleni (mchakato unaofanya kazi zilizo kwenye foleni) anayekaa hai, kila ukipakia msimbo mpya endesha `php artisan queue:restart`, kwa sababu ameshika msimbo wa zamani kwenye kumbukumbu na ataendelea kuutumia mpaka aambiwe.