Daftari Kabla ya Panga: Kutunza na Kuorodhesha Malalo ya Zamani Mjini Lubumbashi

Anayeingia katika malalo ya zamani, yaani eneo la makaburi, mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na majani yamefika kifuani, hutamani kushika panga papo hapo. Namwomba auzuie mkono wake kwa siku chache. Kundi letu la kujitolea lilianza kwa kufyeka, na asubuhi ile ya kwanza tuling'oa vijiti vya chuma vilivyochomoza kidogo tu juu ya udongo mwekundu, tukavirundika kando ya njia pamoja na makopo na waya, tukidhani ni takataka. Mchana mzee mmoja aliyewahi kuchimba makaburi mahali hapo aliokota kimoja, akakifuta kwa kidole gumba, akatuonyesha bamba dogo la mviringo lenye tarakimu tatu zilizogongwa kwenye chuma. Kila kijiti kilikuwa alama ya mtu aliyezikwa bila jiwe, na namba ile ndiyo iliyomuunganisha na rejista, yaani kitabu cha waliozikwa. Vingi tulivirudisha kwa kufuata mashimo yaliyobaki, lakini kumi na kimoja hatukujua tena vilitoka wapi. Tangu siku hiyo hatugusi kitu chochote kabla hakijaandikwa na kupigwa picha.

Hata kabla ya daftari kuna ruhusa. Malalo yana mwenyewe, hata pale ambapo hakuna anayeonekana kuyajali: inaweza kuwa mji au komine (manispaa ndani ya mji), parokia, kampuni iliyozika wafanyakazi wake, au jumuiya kama ile ya Wayahudi, ambao wengi wa wazee wao walikuja Katanga, eneo ulipo mji huu, kutoka kisiwa cha Rodos. Andikeni barua inayotaja mtafanya nini na hamtafanya nini, mpate nakala yenye mhuri, na mwende nayo kila siku ya kazi. Mjulisheni pia shefu wa mtaa, na zaidi ya yote mkae na walinzi na wachimba makaburi, kwa kuwa wao wanajua sehemu gani ilizikwa kwanza, na mstari upi uliharibiwa mti ulipoanguka.

Kazi kubwa ya nje ifanyike wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Huo ndio wakati ambao watu wetu huchoma majani, nami nasema kwa mkazo kwamba moto usitumike hata kidogo katika malalo, kwa sababu hupasua mawe, huteketeza misalaba ya mbao na kufuta rangi ya maandishi. Ni afadhali kulima ukanda mtupu kuzunguka uzio, ili moto wa jirani usivuke. Majani yakatwe kwa panga au fyekeo hadi kimo cha kifundo cha mguu, na yale yanayogusa jiwe yakatwe kwa mkasi. Mti uliomea juu ya kaburi using'olewe, kwa kuwa mizizi yake imeshikana na jiwe. Ukatwe shina na kisiki kiachwe kioze chenyewe. Kichuguu nacho kisibomolewe. Vaeni viatu vya kufunika vifundo, na msitie mkono katika shimo msiloona mwisho wake, maana nyoka hupenda makaburi yaliyotitia.

Kuorodhesha huanza na ramani. Gaweni eneo katika vipande kwa kufuata njia za zamani, kila kipande kipewe herufi, kila mstari namba, na kila kaburi namba ndani ya mstari wake, hivi kwamba B-4-17 iwe kaburi moja tu na lisichanganywe na jingine. Pimeni kwa utepe wa mita kutoka kitu kisichohama, kama vile nguzo ya lango. Simu inaweza kutoa mahali pa jumla, lakini hukosea kwa mita kadhaa, na makaburi mengi hayatengani hata kwa mita moja. Kila kaburi liwe na kadi yake, iliyojazwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unaweza kuyeyuka karatasi ikilowa. Kaburi lisilo na jina lipewe kadi kama mengine. Mwinuko mdogo, bonde lenye urefu wa mtu, mawe yaliyopangwa, sahani au kikombe kilichowekwa juu ya udongo, yote hayo ni alama, na chombo hicho kibaki pale pale kilipowekwa na ndugu wa marehemu.

Maandishi ya jiwe yanakiliwa jinsi yalivyo, mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake. Hapa ndipo wanaojitolea wanapokosea zaidi, kwa sababu kila mtu hutaka kusaidia kwa kusahihisha. Jina lililochongwa kwa tahajia ya karani Mbelgiji wa mwaka 1927 liandikwe kwa tahajia hiyo, hata kama ukoo wenyewe leo huliandika vingine. Wafanyakazi wa migodi waliletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi), Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na kwingineko, na jina liliandikwa kwa kadiri sikio la karani lilivyolisikia. Tahajia ile mbovu ndiyo mtakayoikuta tena katika vitabu vyake. Herufi isiyosomeka iwekewe alama ya kuuliza badala ya kubahatisha. Maandishi ya Kigiriki na ya Kiebrania yapigwe picha ya karibu na kupelekwa kwa anayeyasoma. Mwaka wa Kiebrania, kwa mfano 5695, ukitoa 3760 utakaribia sana mwaka wetu.

Jihadharini na tarakimu moja. Wachongaji wa Kizungu walichora 1 yenye mkia mrefu wa juu, na jiwe likichakaa hiyo 1 hufanana na 7. Tulikuwa na kaburi la mtoto ambaye kadi ya kwanza ilimwandika kuwa alikufa mwaka 1947, kisha tukarudi saa kumi na moja jioni na kioo cha kawaida cha ukutani. Mwenzetu alisimama kando akirusha mwanga wa jua juu ya jiwe kwa mshazari, vivuli vikajaa ndani ya michongo, na kijistari kinachokata katikati ya 7 nyingine kikaonekana wazi. Tarakimu tuliyoibishania haikuwa nacho: mwaka ulikuwa 1941. Kioo hicho kinatosha. Msipake chaki, unga wala sabuni ya povu ili kusoma maandishi, kwa sababu vitu hivyo huingia katika vinyweleo vya jiwe na kubaki humo.

Anayenakili ajue pia kwamba majina ya mahali na ya watu yalibadilika. Élisabethville, mara nyingi kwa kifupi E'ville, ni Lubumbashi tangu mwaka 1966, na Jadotville ni Likasi. Katanga iliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka watu waache majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu aliyebatizwa Joseph au Marie anaweza kulala chini ya jiwe lisilotaja jina hilo hata kidogo. Kadi iwe na nafasi ya jina lililo kwenye jiwe na nafasi nyingine ya jina lililopatikana kwenye rejista, na msiyachanganye. Rejista hizo ziombwe katika parokia, hasa zile zilizoanzishwa na watawa Wakatoliki, Wabenediktini na Wasalesiani, ambao wote walifika mwanzoni mwa mji, na pia komine na kampuni. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi inaweza kuwapatia wanafunzi waliozoea kusoma mwandiko wa zamani.

Kusafisha jiwe ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mawe mengi hayahitaji kusafishwa. Yanayohitaji yapewe maji safi na burashi laini, yaloweshwe kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Maji ya Javel (dawa ya kung'arisha nguo), siki, asidi ya betri na burashi ya waya visiingie kabisa langoni. Kuvu kavu ing'olewe kwa kijiti cha mbao baada ya kulowa, na isipotoka iachwe. Jiwe lililovunjika lisiunganishwe kwa sima (saruji), kwa kuwa sima mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe, huzuia maji ndani, na miaka michache baadaye jiwe huweza kupasuka pembeni mwa kiungo. Vipande vilazwe juu ya changarawe kando ya kaburi lake, vikiinama kidogo ili mvua iteremke. Mabamba ya shaba yasing'arishwe, na picha zake zisisambazwe pamoja na mahali yalipo, kwa sababu bei ya chuma chakavu inajulikana na kila mtu mjini.

Andaeni nakala tatu za kadi zote: moja kwa mwenye malalo, moja kwenye kundi, moja mahali pengine kabisa. Taarifa za waliozikwa karibuni zisionyeshwe kwa watu wote mpaka familia ikubali, na wanaoomboleza wasipigwe picha.

Siku bora ya mwaka kwa kazi hii ni tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi walio hai na waliokufa, ambapo familia huja asubuhi kusafisha makaburi ya watu wao. Wekeni meza langoni, yenye ramani, penseli na viti viwili. Msiwaendee watu wakiwa katika sala. Wakimaliza, mama mmoja atasimama mezani, ataweka kidole kwenye kipande D na kusema kwamba pale, kando ya mwembe, yuko kaka yake mkubwa, ambaye msalaba wake uliibwa. Mpeni kiti, mwulizeni jina lake lote, na mwandike.