Plagi nyeusi kwenye Datsun 240Z: zisome kabla ya kununua nyingine

Juzi jamaa wa Mombasa alipandisha Datsun 240Z yake hadi Nairobi. Kule pwani gari lilikuwa linavuta vizuri. Alipokaribia Athi River likaanza kukohoa, na asubuhi yake likakataa kuwaka. Seti mbili za plagi mpya alikuwa amekwisha kuzitia bila nafuu. Tulishinda tukilikagua, na njia tuliyoifuata ndiyo hii.

Hatua ya 1: Toa plagi injini ikiwa baridi

Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini. Ukifungua plagi ikiwa ya moto, unaweza kung'oa nyuzi za skrubu kwenye hedi. Pulizia vumbi kwanza, kisha zichomeke kwenye kadibodi yenye namba 1 hadi 6, namba 1 ikiwa ile ya upande wa redieta. Usiziweke ovyo kwenye kikopo. Mpangilio huo ndio utakaokuongoza.

Hatua ya 2: Soma rangi

Masizi makavu kama ya chungu: petroli imezidi, au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye unyevu unaoteleza: oili inapita kwenye ringi za pistoni au bomba zinazoongoza valvu. Imelowa na inanuka petroli: silinda hiyo haiwaki kabisa. Nyeupe yenye malengelenge: petroli ni kidogo, acha kuendesha. Unayoitaka ni ya kahawia hafifu. Petroli ya siku hizi haina madini ya risasi na haipaki rangi sana, kwa hiyo mulika tochi ndani, kwenye mzizi wa kauri, usitazame ncha peke yake.

Masizi yanapitisha umeme. Badala ya kuruka pengo, umeme unateleza juu ya kauri mpaka kwenye bodi ya plagi, yaani chuma chake cha nje. Pima kwa multimita kati ya kichwa cha plagi na bodi yake: ikisoma chini ya megaohm 10, umeme unavuja. Mimi sikubali plagi kupigwa mchanga, kwa sababu chembe hubaki ndani na kuja kukwaruza silinda. Wala sizichomi kwenye jiko.

Hatua ya 3: Tazama ni zipi zilizochafuka

Za jamaa huyu, 1, 2 na 3 zilikuwa nyeusi tititi, na 4, 5 na 6 zilikuwa afadhali kidogo. Koili inayotoa umeme wa cheche ni moja na distribyuta inayougawa ni moja kwa silinda zote sita, basi ni vigumu umeme uchague tatu za mbele. Kinachozigawa hivyo ni kabureta: ya mbele inalisha 1, 2 na 3, ya nyuma inalisha 4, 5 na 6. Ikiwa ni plagi moja tu iliyochafuka, hapo ndipo ukague waya wake na kompresheni ya silinda hiyo.

Hatua ya 4: Hakikisha nozeli imepanda

Hapa naomba usiharakishe. Dalili kama hizi ziliwahi kunipotezea siku mbili kwenye gari langu. Nilifungua chemba ya floti (kikopo kinachoweka petroli ya kabureta) mara tatu, nikabadilisha valvu yake, nikapima usawa wa petroli, kumbe tatizo lilikuwa choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha injini baridi.

Kabureta hizi za Hitachi, zilizofuata muundo wa SU, hazina kibao cha kuziba hewa. Ukivuta choki, unateremsha nozeli, yaani kile kibomba cha shaba ambamo sindano huingia, na petroli hupita kwa wingi. Ukirudisha mkono wa choki, nozeli inapaswa kupanda mpaka igote kwenye nati yake ya kurekebishia. Ikikwama njiani, kabureta hiyo inafanya kazi na choki saa zote, ingawa mkono wako unasema imefungwa.

Zima injini, rudisha choki, ingiza kidole chini ya kila kabureta na usukume nozeli juu. Ikipanda hata milimita 1, umelipata kosa. Rudia injini ikiwa ya moto, maana nyingine hukwama wakati huo tu. Halafu tafuta sababu. Mara nyingi ni kile kipaipu kinachotoka chemba ya floti: kikikauka huivuta nozeli upande. Badilisha kwa cha saizi na umbo lake. Ukiweka kipande kigumu cha mpira wowote, tatizo litarudi. Waya wa choki nao uwe na ulegevu kidogo. Nozeli ifute kwa kitambaa na dawa ya kusafishia kabureta. Usitumie msasa, usipake grisi, usiivute kwa koleo. Ukimaliza, inua pistoni ya kabureta (ile inayobeba sindano) na uiachie: lazima ishuke na kugota kwa mlio. Isipolia, sindano inasugua nozeli, na inabidi uiweke katikati upya.

Hatua ya 5: Punguza petroli kulingana na mwinuko

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mpimo wa petroli wa pwani huku unazidi. Ndiyo maana hata plagi za nyuma hazikuwa safi. Ndugu zake gari hili walioshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta, walikimbia kwenye nchi hii hii ya kupanda na kushuka.

Pandisha kabisa ile nati ya nozeli, kisha iteremshe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia pwani. Huku tuliishia mizunguko miwili, kabureta zote sawa.

Hatua ya 6: Jaribu barabarani

Tia plagi safi. Mimi hutumia NGK BP6ES, pengo milimita 0.8. Sipendi kukimbilia plagi ya moto zaidi (ile inayotunza joto zaidi kwenye ncha) ili kuficha kabureta mbovu. Endesha kilomita kumi kwa mwendo wa kawaida, kanyaga klachi, zima injini hapo hapo na usimame; ikipoa, toa plagi uzisome. Chagua barabara tupu, na usirudishe ufunguo mpaka mwisho, usije ukafunga usukani. Usiiache ingurume imesimama kabla ya kusoma. Plagi zitakuwa nyeusi zote na utadanganyika.

Zake zilitoka kahawia zote sita. Akiteremka Mombasa atarudisha nati nusu mzunguko.