Zima intaneti kwanza: ninavyochagua programu ya kukusanyia data uwandani

Kazi yangu ni kupima miti. Nazungusha utepe wa kipenyo kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, namtajia mwenzangu namba, naye anaandika. Miaka mingi aliandika kwenye daftari. Tulipohamia kwenye simu tulipoteza siku nzima: miti 212. Programu tuliyopewa ilikuwa inahifadhi fomu pale tu inapopata mtandao, na wala haikusema. Kila tulipobonyeza "hifadhi" ilitupa alama ya kijani. Jioni, tulipofika penye mtandao, tulikuta seva ina miti mitatu.

Tangu hapo jaribio langu la kwanza ni lile lile. Naweka simu kwenye hali ya ndegeni, naizima kabisa, naiwasha tena, kisha najaza fomu kumi, mbili zikiwa na picha. Nikiwa katikati ya ya kumi na moja naizima simu ghafla, kama vile betri imekata. Nikiiwasha nataka kuzikuta kumi zote, na ile ya kumi na moja ikiwa rasimu. Programu inayonidai nenosiri upya mahali pasipo na mtandao naifuta hapo hapo, hata kama ina sura nzuri kiasi gani.

Lakini kabla hujafika kwenye majaribio, chukua karatasi uchore jedwali unalotaka kuwa nalo mwisho wa kazi. Jiulize: mstari mmoja wa jedwali hili ni kitu gani? Kwangu ni mti mmoja. Ila miti imo ndani ya ploti, yaani kipande cha ardhi tulichokipimia mipaka, na ploti ina tarehe yake, mteremko wake na aina yake ya udongo. Sitaki kuandika mteremko mara arobaini. Kwa hiyo nahitaji programu inayokubali kundi la maswali linalojirudia ndani ya fomu, halafu inipe majedwali mawili yaliyounganishwa kwa namba moja. ODK na KoboToolbox zinafanya hivyo. Epicollect5 nayo inapanga fomu kwa ngazi, mzazi na mtoto, na inatumika kwenye Android na iPhone. Kama mstari wako ni kitu kimoja tu kisicho na watoto, kwa mfano chupa moja ya maji ya mto, karibu programu yoyote ya fomu itakufaa, na huna haja ya kujitesa.

Mimi huanzia ODK, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, au KoboToolbox, iliyoanzia Harvard na ambayo programu yake ya simu imejengwa juu ya ile ya ODK. Sababu yangu ni moja: zote mbili zinasoma XLSForm, yaani fomu unaiandika kwenye jedwali la kawaida la kompyuta. Safu moja ni aina ya swali, nyingine jina lake, nyingine maneno atakayoyaona mtu kwenye skrini. Ukitaka kuhama, unaondoka na fomu yako kama faili. Programu inayokulazimisha kujenga fomu ndani ya tovuti yake tu, bila njia ya kuitoa, inakufunga kamba mguuni.

Kwenye jedwali hilo hilo la fomu ndimo unapoweka masharti, na hapa simu inalishinda daftari kweli kweli. Kipenyo nimekiwekea mipaka: kisipungue sentimita 5, kisizidi 250. Siku moja nilitaja "thelathini na moja nukta mbili", mwenzangu akagusa 312. Fomu ikakataa na kumwonyesha maneno niliyoandika mwenyewe: "Umesahau nukta?" Kwenye daftari tungeligundua kosa hilo miezi mitatu baadaye, tukabaki kubishana. Usizidishe masharti lakini. Ukifanya kila swali kuwa la lazima, mtu aliyenyeshewa ataandika chochote ili apite. Na kwenye orodha ya spishi weka daima jibu la "sijui" pamoja na nafasi ya picha, la sivyo spishi za mwanzo wa orodha zitazaana kimuujiza.

Kuhusu GPS, watu wengi wanadhani inahitaji intaneti. Haihitaji, simu inasikiliza setilaiti. Ila bila mtandao wa kuisaidia, simu iliyolala siku nyingi au iliyosafirishwa mbali huchelewa kujijua ilipo. Ratiba kamili ya setilaiti, inayoiambia simu setilaiti ziko wapi, peke yake hutangazwa kwa muda wa dakika 12 na nusu. Iwashe ukiwa njiani, usisubiri mpaka ufike kwenye ploti. Penye uwazi simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Chini ya majani mazito, zaidi. Ndiyo maana nadai programu ihifadhi ukubwa wa kosa katika safu yake, pembeni ya latitudo na longitudo. Hesabu pia tarakimu baada ya nukta: tano ni kama mita moja, tatu ni zaidi ya mita mia. Nimewahi kupewa ramani ambayo ploti zote za bonde zima zimerundikana kwenye nukta nne. Ukiwa unachora mipaka ya eneo, si nukta, achana na fomu, tumia QField, ambayo inaileta kwenye simu kazi yako ya QGIS, programu ya ramani ya kompyuta.

Wapo watakaokwambia utumie iNaturalist, ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona na wengine huvitambua, kwa kila kitu. Ninaipenda, na spishi kadhaa nimezitambulishwa humo na watu nisiowajua. Lakini inakwambia kilichoonekana. Haikwambii ambacho hakikuonekana. Ukitaka kujua kama ndege fulani wanapungua, unahitaji kujua mtu alitembea umbali gani, kwa muda gani, na kama aliandika kila ndege aliyemwona na kumsikia. eBird, programu ya kuandikia ndege, inauliza hayo yote, na thamani yake iko hapo. Kama unafuatilia spishi zinazowindwa, angalia vilevile mahali pake patafichwaje: iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini jedwali unaloliweka mwenyewe kwenye tovuti halifichi chochote.

Na kama atakayeshika simu hasomi, usimnyime kazi. CyberTracker ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 kwa ajili ya wafuatiliaji wa nyayo wasiojua kusoma, skrini ikiwa ya picha: swala, simba, anakula, amelala. Wengi wao walikuwa wanajua kuliko wenye digrii.

Mwisho wa majaribio natoa data. Nataka CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, tena siku ile ile, bila kumwomba mtu ruhusa. Usiifungue kwa kuibofya tu ikaingia Excel, kwa maana Excel ikiona kitu kinachofanana na tarehe hukigeuza kuwa tarehe. Wanajenetiki walisumbuliwa na jambo hili mpaka mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikabadilisha baadhi yake, ikiwemo MARCH1. Mimi niliziita ploti zangu 3-4, 3-5, 3-6, zikarudi zikiwa siku za mwezi. Sasa zinaitwa P03K04, na hakuna mashine iliyowahi kuzidhania kuwa Aprili.

Halafu nampa simu mwenzangu, yeye si mimi, tunakwenda kupima miti kumi juani, vidole vikiwa na utomvu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kitufe cha "futa" kilikuwa upana wa kucha moja kutoka kitufe cha "mti unaofuata". Tulikuwa tumeshaipenda programu ile kwa wiki mbili.