Jinsi ya kumfundisha mwanariadha kuvuka maji katika mbio za mita 3,000

Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mwanariadha huvuka viunzi vya kawaida mara 28 na shimo la maji mara 7. Makocha wengi wa shule hushughulikia pumzi na kasi, maji wakayaacha hadi siku ya mashindano. Anayepoteza nusu sekunde kila akitua majini amepoteza sekunde tatu na nusu akifika mwisho. Katika fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, wa kwanza hadi wa tatu walimaliza ndani ya nusu sekunde moja.

Kwanza jua kifaa. Kiunzi hiki hakianguki kama kile cha mita 110. Ni boriti ya mraba, sentimita 12.7 kila upande, kimo sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake, na chote kina uzito wa kilo 80 hadi 100. Katika fainali hiyohiyo Lamecha Girma wa Ethiopia, mwenye rekodi ya dunia ya 7:52.11, aligonga kiunzi kwa goti akatolewa kwa machela. Kiunzi cha maji ndicho kimekazwa ardhini kabisa. Shimo lake lina urefu wa mita 3.66, kiunzi kikiwemo. Kina kikubwa kiko chini ya kiunzi, sentimita 50 katika viwanja vipya na 70 katika vya zamani, kisha sakafu hupanda taratibu hadi usawa wa njia. Ukitua mbali, maji ni ya kifundo tu. Ukitua karibu, yanakushika mguu.

Kama shule haina shimo, tumia lile la mchanga la kuruka mbali. Weka kiunzi kizito ukingoni, pima mita 3 kutoka hapo, chora mstari. Huo ndio mstari wa kutua.

Mwanariadha aanze kuongeza mwendo mita 10 hadi 15 kabla. Anayepunguza hulazimika kujiinua kwa nguvu za mapaja, na kufikia maji ya tano mapaja hayo yamekwisha. Aruke akiwa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kiunzi, aweke unyayo wa mbele juu ya boriti, spaiki (meno ya chini ya viatu) zikishika ukingo wa mbali. Goti libaki limekunjwa na kiwiliwili kiwe chini. Mtazame ukiwa ubavuni: kichwa kikipanda ghafla, amesimama juu ya kiunzi badala ya kupita. Asubiri nyonga zivuke boriti ndipo asukume kuelekea nyuma, si juu. Atue kwa mguu mmoja, na hatua inayofuata iwe nchi kavu. Kutua kwa miguu miwili kunaua mwendo wote.

Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Amos Biwott wa Kenya alikuwa akiruka kutoka juu ya kiunzi hadi nchi kavu huku wenzake wakilowa. Alishinda, na kutoka hapo Kenya ikatwaa dhahabu ya mbio hizi kila Olimpiki iliyoshiriki hadi Rio 2016. Soufiane El Bakkali wa Morocco ndiye aliyeukata mfululizo huo Tokyo. Hata hivyo, usimfundishe anayeanza mruko wa Biwott. Unakula nguvu nyingi, na kishindo chake kwenye magoti si cha kijana wa miaka 16.

Kosa lingine ni la macho. Shimo la maji huwa nje ya njia ya kawaida, ama ndani ya kona ama nje yake. Mashindano ya dunia ya London 2017, Beatrice Chepkoech wa Kenya alilipita bila kuliruka, ikabidi arudi, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, Monaco, alikimbia 8:44.32, rekodi ya dunia. Kabla ya mbio, tembea na mwanariadha mzunguko mzima hadi kwenye shimo. Ndani ya kundi akae upande wa nje wa aliye mbele yake, akione kiunzi mapema.

Hesabu ya mizunguko nayo isiachiwe waamuzi peke yao. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932 walikosea kuhesabu, wanariadha wakakimbia mita 3,460. Joe McCluskey wa Marekani alikuwa wa pili mita 3,000 zilipotimia. Katika mzunguko huo wa ziada Thomas Evenson wa Uingereza akampita. Mfundishe wako kuhesabu maji: ya saba ndiyo ya mwisho.

Miruko 8 hadi 10 kwa siku, mara mbili kwa wiki, inatosha. Mitatu ya mwisho ifanyike baada ya mita 400 za mwendo wa mashindano, kwa sababu mguu uliochoka hukanyaga boriti tofauti na mguu mpya. Mchanga uchimbuliwe na kusawazishwa kila baada ya miruko michache, la sivyo kifundo kitateguka kwenye alama ya aliyetangulia.